Kusachiwa uwanja wa ndege: kinga ya kweli au danganya toto?

MLETA MADA

Wakuu, salaam. Kila mtu wa Dar aliyepanda ndege karibuni ana neno kuhusu ukaguzi pale Uwanja wa Julius Nyerere (JNIA). Hoja inayorudiwa zaidi, maofisini na hata kwenye magrupu ya familia, ni hii: unavua mkanda, saa na viatu, unatoa kompyuta kwenye begi, unapita kwenye fremu ya kupimia chuma, mbele ya safari unasachiwa tena, na yote hayo ni geresha. Gaidi mwenye nia yake atapita vilevile. Naileta mada mezani kwa sababu hoja hiyo ina ukweli ndani yake, ila watu wanautumia ukweli huo kudai kitu cha hatari, kwamba ukaguzi ulegezwe. Msimamo wangu: abiria aendelee kukaguliwa. Kinachougeuza ukaguzi kuwa maonyesho ni wale tunaowaachia wapite pembeni.

Wengi wetu hatukuikuta enzi ya kupanda ndege bila kukaguliwa. Marekani, kati ya 1968 na 1972, kulikuwa na matukio zaidi ya 130 ya kuteka ndege au kujaribu kuziteka. Mtu anaingia na bastola kwenye begi, anamwamuru rubani ampeleke Cuba. Januari 1973 wakaanza kukagua kila abiria na kila begi la mkononi, na utekaji ukaporomoka mwaka huohuo. Ni kweli mwaka huo pia Marekani na Cuba zilikubaliana namna ya kuwashughulikia watekaji, kwa hiyo sifa zote si za mashine. Lakini bastola kwenye begi haikupita tena kirahisi.

Na sisi yametukuta. Tarehe 26 Februari 1982, Boeing 737 ya Air Tanzania iliyokuwa ikitoka Mwanza kuja Dar ilitekwa na vijana waliotaka Mwalimu Nyerere ajiuzulu. Ikazungushwa Nairobi, Jeddah, Athens, mpaka Stansted nje ya London, ndipo wakajisalimisha. Ile ilikuwa safari ya ndani. Nawakumbusha hili wale wanaosema abiria wa Mwanza na Mbeya wasisumbuliwe kwa kuwa hawavuki mpaka.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawalitazami. Richard Reid, Desemba 2001, alificha bomu kwenye viatu. Umar Farouk Abdulmutallab, siku ya Krismasi 2009, aliruka kutoka Lagos, akabadilisha ndege Amsterdam kwenda Detroit, bomu likiwa kwenye nguo yake ya ndani. Wote wawili walipita ukaguzi, na watu huwataja kama ushahidi kwamba ukaguzi ni bure. Lakini jiulize kwa nini mtu mzima afiche bomu kwenye chupi. Kwa sababu begi lingeonekana, na chuma kingelia. Walilazimika kubeba kitu kidogo, kisicho na chuma, chenye kuwashwa kwa shida, na mabomu yote mawili yalikataa kulipuka sawasawa. Abiria wakapata muda wa kuwarukia. Ukaguzi uliopitwa ulikuwa umeshafanya nusu ya kazi.

Sasa nije kwenye ukweli wa upande wa pili, nao ni mwingi. Mwaka 2015 ilivuja taarifa kwamba wapimaji wa serikali ya Marekani, wakijifanya abiria, walijaribu mara 70 kupitisha silaha na mabomu ya bandia kwenye viwanja vya nchi yao. Walifanikiwa mara 67. Hiyo ni nchi yenye fedha na vifaa kuliko sisi. Sharti la kutobeba kimiminika cha zaidi ya mililita 100 lilitokana na njama ya Agosti 2006 Uingereza ya kulipua ndege kwa mabomu ya kimiminika, na njama ile iligunduliwa na polisi waliokuwa wakiwafuatilia wahusika. Haikugunduliwa na mashine yoyote. Viatu navyo, Marekani iliwavua abiria miaka na miaka, na Julai 2025 ikaliondoa sharti hilo. Kwa hiyo mtu akiniambia baadhi ya tunayofanyiwa ni mazoea tu, simbishii.

Ila tatizo kubwa zaidi halipo kwenye foleni ya abiria. Tarehe 2 Februari 2016, ndege ya Daallo Airlines ilipasuka ubavu muda mfupi baada ya kuruka Mogadishu. Mwenye bomu alirushwa nje akafa, rubani akafanikiwa kurudi na kutua, abiria wengine wakasalimika. Bomu lilikuwa ndani ya kompyuta ya mkononi. Kamera za uwanja zilionyesha watu wawili, angalau mmoja wao mfanyakazi wa palepale, wakimkabidhi kompyuta ile akiwa keshamaliza kukaguliwa. Hebu fikiria abiria wengine wa siku ile: walivua mikanda, walifungua mabegi, walitii kila kitu, na bomu likapitia kwa mtu mwenye kitambulisho shingoni.

Hapa kwetu tulipata onyo la namna hiyo. Julai 2013 mabegi yenye zaidi ya kilo 150 za dawa yaliondoka JNIA yakaja kukamatwa Johannesburg. Mwezi uliofuata aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, Harrison Mwakyembe, alisimama mbele ya waandishi na kuagiza watumishi waliotajwa kuhusika watimuliwe. Zilikuwa dawa za kulevya, lakini njia inayopitisha kilo 150 za dawa inapitisha kitu chochote. Haiulizi kilichomo.

Na hapo hapo niseme la vigogo. Sote tumewahi kuona: foleni imesimama, bibi anainama kufungua kandambili, mara anakuja mtu na mpambe wake, salamu mbili tatu kwa kijana wa mashine, begi linazungushwa nyuma ya mashine badala ya kupita ndani yake. Si lazima awe waziri. Mara nyingine ni mtu anayefahamiana na mtu tu. Yule bibi ameona. Kila aliyepo kwenye foleni ameona. Kuanzia dakika ile hakuna atakayemshawishi kwamba kuvuliwa kwake kandambili kuna maana, na mimi sina la kumjibu.

Karibuni kwa hoja.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Mkuu, heshima yako, lakini naomba kutofautiana na wewe. Umeruka tukio la karibu kabisa na sisi. Tarehe 23 Novemba 1996, Ethiopian Airlines safari namba 961, Addis Ababa kwenda Nairobi. Vijana watatu waliiteka. Silaha zao? Shoka la dharura na mtungi wa kuzimia moto, vyote walivichukua humohumo ndani ya ndege. Walichodai kuwa ni bomu ilikuwa chupa ya pombe. Walitaka wapelekwe Australia, rubani akawaeleza mafuta hayafiki, hawakusikia. Ndege ikaishia baharini, Ngazija, watu 125 kati ya 175 wakafa. Niambie ni mashine gani ya eksirei ingezuia hilo.

Kilichomaliza utekaji wa aina ile ni mlango wa chumba cha rubani uliotiwa chuma baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 Marekani, na abiria wenyewe kujua kwamba wasikae kimya. Mengine ni kupotezeana muda. Tena foleni yenyewe ni hatari. Uwanja wa ndege wa Brussels, Machi 2016, magaidi hawakuhangaika na mashine. Walilipua ukumbi wa kusajili abiria, kwenye msongamano. Pale Terminal 3 ya JNIA, ikitokea safari mbili tatu zimegongana muda, angalia watu wanavyobanana mlangoni na matoroli yao. Mnawakusanya watu sehemu moja halafu mnaita usalama.

MLETA MADA

Nakushukuru kwa kuileta Ethiopian, ni hoja nzito. Mlango wa rubani nakubaliana nao asilimia mia. Lakini mlango ule unamzuia anayetaka kuiendesha ndege. Anayetaka kuilipua hana haja ya kumfikia rubani. Ndege ya Pan Am ya Marekani iliyoangukia Lockerbie, Uskochi, Desemba 1988 iliua watu 270, na bomu lilikuwa kwenye sanduku la mizigo ambalo mwenyewe hakuwemo ndani ya ndege. Baada ya hapo ndipo ikasisitizwa kila mahali kwamba abiria asipoonekana getini, mzigo wake ushushwe. Ukisikia ndege imechelewa kwa sababu "kuna begi la abiria ambaye hajapanda", usinung'unike. Huo ndio ukaguzi ninaouheshimu kuliko wote, na hakuna anayevuliwa kiatu.

Kuhusu msongamano, dawa yake ni kuongeza mashine na watu wa kuziendesha saa za msongamano. Siku hizi kuna mashine zinazoona begi pande zote, abiria hatoi kompyuta wala chupa, foleni inakwenda. Terminal 3 ilifunguliwa Agosti 2019 kwa ajili ya abiria milioni 6 kwa mwaka. Jengo kubwa namna ile tusiliendeshe kwa mashine mbili zilizowashwa na nyingine zimelala.

MCHANGIAJI WA PILI

Kaka zangu mnazungumza mabomu, mimi naomba tuzungumze watu. Mama yangu aliwekewa chuma kwenye nyonga baada ya kuanguka. Akipita kwenye fremu lazima ilie. Kwenye uwanja mmoja wa mikoani, ambao siutaji, ililia, binti mkaguzi akamwambia kwa sauti mbele ya foleni nzima: "Mama una nini huko ndani? Toa!" Mama ana miaka zaidi ya sabini, amevaa dera na kanga mbili, akaanza kufungua kanga palepale wanaume wanatazama. Nilikuwa na barua ya daktari kwenye pochi. Hakuna aliyeiuliza. Nilipoitoa, wala hawakuisoma, wakasema pita.

Hilo la mwisho ndilo lililoniuma zaidi. Mmemdhalilisha, halafu hamkuhakikisha. Kama mna wasiwasi na chuma, mpelekeni chumba cha pembeni, mwanamke amkague kwa mkono taratibu, mjiridhishe. Kama hamna wasiwasi, msimvunjie heshima. Pale walifanya mabaya yote mawili kwa mara moja.

Siupingi ukaguzi. Nimesafiri na ndege ileile, nilitaka na mimi nifike salama. Lakini mkaguzi anayefokea watu hajui hata anatafuta nini.

MCHANGIAJI WA TATU

Dada pole sana kwa mama, mfikishie shikamoo yetu. Mimi naongeza moja. Mnaosema uwanja wa ndege ni danganya toto, njooni kwenye milango ya maduka makubwa hapa mjini. Mlinzi ana ile fimbo ya kupimia chuma, anakupitishia kifuani, inalia, anasema karibu. Gari linafunguliwa buti, anachungulia sekunde moja, anafunga. Ukiwa na gari zuri hata buti halifunguliwi. Nimezungumza na walinzi kadhaa, na hakuna aliyewahi kufundishwa afanye nini kifaa kikilia. Ukilinganisha na hapo, JNIA ni chuo kikuu.

MLETA MADA

Dada, uliyoeleza yameniingia. Na umegusa kiini cha mada kuliko mimi. Kifaa kinalia, mtu anasemeshwa vibaya, halafu anaachiwa apite bila jibu la kwa nini kililia. Sasa hata mimi ninayeutetea ukaguzi nauliza, ule ulikuwa wa nini? Kukagua ni kuuliza swali na kusubiri jibu. Barua ya daktari ilipaswa kusomwa, na bado mama akaguliwe kwa mkono, faraghani, kwa adabu.

Ndugu uliyetaja maduka, sisi wa Dar tunajua geti lina thamani gani. Tarehe 7 Agosti 1998, lori la bomu lililokwenda ubalozi wa Marekani Oysterbay halikuingia ndani. Lilizuiwa getini na lori la maji lililokuwa pale. Walikufa watu 11, wakiwemo walinzi wa geti. Hao walikuwa Watanzania waliokuwa kazini kwao. Kwa heshima yao tu, siwezi kukubali mlinzi wa geti apewe fimbo asiyofundishwa kuitumia.

Kwa hiyo madai yangu nayaelekeza kwa Mamlaka ya Viwanja vya Ndege na kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga yenye jukumu la kusimamia. Kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, zinataka wasio abiria nao wakaguliwe kabla ya kuingia maeneo yaliyodhibitiwa. Basi mpakiaji mizigo, mpishi wa chakula cha ndege, fundi, mfagizi, askari, wote wapite kwenye mashine ileile, kila wanapoingia, mbele ya macho yetu. Mheshimiwa naye begi lake lipite ndani ya mashine, asiyetakiwa kukaguliwa kisheria ajulikane kwa cheo na orodha ibandikwe mlangoni. Na watumwe watu wa kujifanya abiria, wajaribu kupitisha vitu, na tuambiwe wamekamatwa mara ngapi. Kama Marekani ilivumilia kusikia 67 kati ya 70, na sisi tutavumilia.

Mwenye kufanya kazi pale upande wa ndani, na anayeweza kusema bila kuvunja siri za kazi: mkiingia zamu mnapita kwenye fremu, au mnaonyesha kitambulisho tu?