Kutia Linux kwenye Peek, kifaa cha mkononi cha barua pepe

MkaziWaAmu, Lamu

Assalamu alaykum. Ninacho kifaa kiitwacho Peek, kile kilichoanza kuuzwa Marekani mwaka 2008 kwa kazi moja tu ya kusoma na kuandika barua pepe, na ambacho huduma yake ilikatwa mwaka 2012. Kibodi yake ni kamili na kioo chake kizima, lakini hakina kazi tena. Ningependa kukitia Linux, mfumo endeshi huria, ili kiwaonyeshe manahodha saa za maji kujaa na kupwa pasipo mtandao, kwa kuwa anayepita Mkanda, mlango mwembamba wa bahari kati ya kisiwa cha Manda na bara, kuelekea kisiwa cha Pate hana budi kungoja maji yajae. Je, kifaa kidogo namna hii kinaweza kubeba Linux, na nianzie wapi?

FundiWaMalindi

Wa alaykumu salaam, ndugu yangu. Kinaweza, lakini si Linux ile uliyoizoea kwenye kompyuta. Ndani ya Peek mna chipu ya Texas Instruments ya jamii ya LoCosto, iliyotengenezwa kwa simu za bei nafuu, na prosesa yake ni ARM7, ambayo haina kitengo cha kusimamia kumbukumbu kiitwacho MMU. Linux ya kawaida hukitumia kitengo hicho kuipa kila programu eneo lake na kuizuia isiguse la jirani. Kisipokuwapo, njia iliyobaki ni uClinux, yaani Linux iliyorekebishwa kwa prosesa zisizo na MMU, ambayo, jambo linalonifurahisha kila ninapolikumbuka, ilianza mwaka 1998 kwenye kifaa kingine cha mkononi, yaani PalmPilot yenye prosesa ya DragonBall.

Yafaa uyajue mapema masharti yake. Wito wa fork, ambao programu huutumia kuzaa nakala yake, haupo, kwa hiyo programu zinazoutegemea ni lazima zirekebishwe zitumie vfork, wito unaofanana nao usionakili kumbukumbu. Kumbukumbu inayoombwa ni lazima ipatikane kwa mfululizo mmoja, na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya megabaiti chache ikishakatikakatika, programu kubwa hukataa kuanza hata kama jumla ya nafasi iliyo wazi inatosha. Tena programu moja ikiandika mahali pasipo pake, mfumo wote huweza kuanguka. Kwa kazi yako hayo si kikwazo: kerneli (kiini cha mfumo), BusyBox (mkusanyo wa amri za msingi katika faili moja) na programu moja ndogo vinakutosha.

Anza na mlango wa siriali, yaani nyaya ambazo kifaa hutumia kupeana maandishi na kompyuta, wala usianze na kioo. Fungua kifaa, tafuta sehemu za majaribio kwenye bodi, na upime volti zake kabla ya kuunganisha chochote, maana adapta ya volti 5 huweza kuiunguza chipu papo hapo. Kisha nakili flashi yote (kumbukumbu inayohifadhi programu za kifaa) na uhifadhi nakala mbili kabla ya kuandika hata baiti moja.

KerneliYaShela, Lamu

Naongeza kwamba kama shabaha ni jedwali la maji tu, Zipit Z2, kifaa kingine cha mkononi chenye kibodi, ingekupunguzia kazi kubwa. Hiyo ina prosesa ya PXA270 yenye MMU, RAM ya megabaiti 32, flashi ya megabaiti 8 na nafasi ya kadi ya miniSD, na ilitoka kiwandani ikiwa tayari inaendeshwa na Linux.

MkaziWaAmu, Lamu

Shukrani sana, ndugu zangu. Zipit sina, na Peek ndiyo iliyo mkononi, kwa hiyo nitaendelea nayo. Hesabu ya maji je, prosesa hiyo itaiweza?

KerneliYaShela, Lamu

Itaiweza bila taabu. Kina cha maji hukadiriwa kwa kujumlisha mawimbi kadhaa ya kosaini (cosine ya hisabati), makubwa katika pwani yetu yakiwa lile la mwezi, lenye mzunguko wa saa 12.42, na lile la jua, lenye saa 12 kamili. Mawimbi hayo mawili yanapokutana tunapata bamvua, na yanapopingana tunapata maji mafu, takriban kila siku 14.77. ARM7 haina kitengo cha hesabu za desimali, kwa hiyo tumia namba kamili pamoja na jedwali la thamani za sine lililoandaliwa mapema. Viwango vya kila wimbi uvichukue katika vipimo vya Lamu, kwa sababu vya Mombasa vitakupa saa zisizo zetu.

FundiWaMalindi

La mwisho ni saa ya kifaa. Mtandao haupo wa kuirekebisha, na ikipotea kwa nusu saa, nahodha naye ataambiwa maji yamejaa nusu saa kabla au baada ya wakati wake. Weka ukurasa wa kusahihisha saa kwa kibodi, na uhakikishe kwamba betri ikitolewa kifaa kinamtaka mtumiaji aingize tarehe na saa kabla ya kuonyesha jedwali lolote.