Naomba ushauri: mwongozaji na prodyuza, nani anaamua uigizaji?

Habari zenu wakuu. Niko Mtwara, tunaandaa filamu ambayo sehemu kubwa tutapigia Mikindani. Mimi ndiye mwongozaji. Prodyuza ni mzee mmoja mfanyabiashara wa korosho. Pesa ni yake na namheshimu sana.

Shida iko kwenye mazoezi. Ninavyojua, mwongozaji ndiye anayeibeba hadithi: anasoma skripti na waigizaji, anapanga nani asimame wapi na kamera iangalie nini, kisha anakaa na mhariri. Sasa kuna sini ya mama anabangua korosho, anaambiwa mwanawe hajarudi kutoka baharini. Nimemwomba dada anayeicheza asilie. Aendelee kubangua, mikono ipunguze mwendo, kamera ibaki kwenye vidole alivyovipaka majivu ya kujikinga na mafuta ya ganda yanayounguza ngozi. Mzee anataka kilio kikubwa. Kameramani naye anamwelekeza bila kupitia kwangu. Dada wa watu anapokea maelekezo ya watu watatu kwa mpigo! Inaniuma, maana ile mikono ndiyo sini yenyewe.

Kibali cha Bodi ya Filamu na bajeti ni kazi ya prodyuza, hapo sina neno. Ninachoomba: kwenye mikataba yenu mnaandikaje kuhusu nani anaamua uigizaji na uhariri wa mwisho? Na kameramani aliyenizidi umri nimwambieje bila kumvunjia heshima mbele ya watu? Msimu wa korosho ukianza mzee hatapatikana, nataka tukae naye kabla.