Mjadala: Timu iliyoiga itozwe faini, au kifaa kiondolewe?

Mtoa hoja, Mkunazini, Unguja

Assalaam alaykum. Naomba tulijadili jambo ambalo hurudi barazani kwetu kila unapoanza msimu wa langalanga, yaani mbio za magari za Formula One, na kila likizuka huishia kwenye ushabiki, huyu akiitetea timu ya Ferrari na yule akimtetea dereva Hamilton, bila ya mtu kulifikisha mwisho. Timu ikithibitika kuwa imetumia michoro ya timu nyengine kinyume cha kanuni, je, inatosha kuitoza faini na kuipunguzia pointi, au kifaa kilicholeta kosa kiondolewe garini kabla gari halijashindana tena? Mimi nasema kiondolewe.

Kwa wasioifuatilia kadhia yenyewe, mwezi wa Februari 2020 timu ya Racing Point ilileta kwenye majaribio ya Barcelona gari la rangi ya waridi, RP20, lililofanana mno na Mercedes W10 iliyotwaa ubingwa wa 2019, hata watu wakaliita Mercedes ya waridi. Wenyewe hawakukana. Walisema walipiga picha, wakazichunguza, wakaunda kama walivyoona. Mpaka hapo sina neno nao. Kuiga kwa jicho ndiyo skuli ya mchezo huu. Mwaka 2009 timu za Brawn, Toyota na Williams zilipokuja na sehemu ya chini ya nyuma ya gari yenye tabaka mbili, inayolikandamiza gari barabarani, wapinzani walilalamika, mahakama ya rufaa ya FIA, shirikisho linalousimamia mchezo huu, ikaikubali mwezi wa Aprili, na waliolalamika wakarudi viwandani kwao kuunda za kwao. Hakuna aliyeitwa mwizi.

Tatizo la Racing Point lilikuwa kwenye mifereji ya kupozea breki za nyuma. Mtu akisikia mfereji wa breki hudhani ni bomba tu la kupitisha upepo. Kumbe ni kifaa chenye mapezi madogo madogo na njia za ndani zilizopindwa kwa hesabu, kinachoipoza breki na wakati huo huo kuuelekeza upepo unaopita pembeni mwa tairi, na sehemu yake kubwa imejificha ndani ya gurudumu. Picha haiingii humo. Basi aliyekuwa nacho, alikipataje?

Jibu lake ni kwamba alikipata kihalali, lakini katika mwaka mwengine. Mwaka 2019 mifereji ya breki haikuwamo katika orodha ya vifaa ambavyo kila timu inalazimika kujibunia, na Mercedes iliwapa Racing Point michoro yake bila ya kuvunja kanuni yoyote. Mwaka 2020 ikaingizwa kwenye orodha hiyo. Ile ya mbele Racing Point walikwisha kuitumia katika gari lao la 2019, kwa hiyo ikahesabika kuwa ni yao. Ile ya nyuma walikuwa hawajaitumia. Renault wakawasilisha malalamiko baada ya mbio za Spielberg, Austria, za tarehe 12 Julai, wakayarudia baada ya zile za Hungary na za Silverstone, Uingereza, na tarehe 7 Agosti wasimamizi wakaamua kwamba kazi kubwa ya kuibuni mifereji ya nyuma ilifanywa na Mercedes, na si na Racing Point. Adhabu ikawa faini ya euro 400,000 na kupunguziwa pointi 15. Kwa mbio nyengine wakapewa onyo tu.

Hapa ndipo ninaposhindwa kukubali. Mifereji ile ilibaki garini. Wasimamizi walieleza kwamba kifaa chenyewe hakivunji kanuni za kiufundi, na kwamba haiwezekani kuitaka timu ibuni upya kwa kusahau inachokijua. Gari likaendelea kukimbia nayo msimu mzima, na tarehe 6 Disemba Sergio Pérez akashinda nalo mbio za Sakhir huku mwenzake, Lance Stroll, akishika nafasi ya tatu. Najua mtu atasema kuwa adhabu iliuma, na kweli iliuma, kwa sababu McLaren walimaliza na pointi 202 na Racing Point 195, ambazo bila ya adhabu zingekuwa 210 na nafasi ya tatu ingekuwa yao. Lakini madereva wa McLaren waliendelea kushindana, wiki baada ya wiki, na kifaa ambacho hukumu imeshasema kuwa hakikupatikana kwa njia yake.

Na hoja ya kusahau nayo ina jawabu katika historia ya mchezo wenyewe. Mwaka 1978 timu ya Shadow iliwashtaki Arrows mbele ya Mahakama Kuu ya London kwamba gari lao FA1 ni nakala ya Shadow DN9. Mbunifu wa magari yote mawili alikuwa mtu mmoja, Tony Southgate, aliyehama kutoka Shadow. Kama kuna mtu asiyeweza kusahau anachokijua ni yeye, maana kilitoka kichwani mwake. Mahakama haikujali hilo. FA1 ilipigwa marufuku, na mwezi wa Agosti Arrows wakaingia mbio za Austria na gari jengine, A1. Iliwezekana.

Mchangiaji, Wete, Pemba

Ndugu yangu wa Mkunazini, umeieleza kadhia vizuri na kwa uadilifu, lakini mfano wako wa 1978 umeubebesha mzigo usio wake. Ile ilikuwa mahakama ya nchi ikiamua juu ya haki ya mwenye michoro, na mwenye michoro ndiye aliyeshtaki. Mwaka 2020 Mercedes hawakulalamika hata siku moja, kwa sababu walitoa kwa ridhaa yao. Hakukuwa na mwizi wala aliyeibiwa. Kulikuwa na kanuni ya mashindano iliyobadilika katikati ya njia, na timu iliyokuwa na maarifa mkononi kabla ya mabadiliko.

Nami nimesomesha miaka mingi, nikaona mitaala ikibadilishwa. Mwanafunzi aliyekwisha kusoma somo ambalo mwaka unaofuata limeondolewa hatuwezi kumwambia alitoe kichwani. Tunachoweza ni kutompa alama kwa somo hilo. Pointi 15 ni hilo hasa, na wewe mwenyewe umekiri kwamba ziliwanyima nafasi ya tatu, na nafasi hizo ndizo zinazogawiwa fedha za msimu.

Pili, hukusema neno juu ya usalama. Msimu ule ulibanwa kwa sababu ya maradhi, mbio 17 kati ya Julai na Disemba, mara nyengine wiki tatu mfululizo. Kuiambia timu ing'oe kifaa kinachopoza breki na kubuni chengine kwa pupa, kisha kumpandisha kijana wa watu akaende kasi ya kilomita 300 kwa saa, hilo mimi nisingeliidhinisha hata kwa hati ya mahakama.

Tena tumtazame mnyonge katika habari hii. Mercedes walitwaa ubingwa wa timu kila mwaka kuanzia 2014 hadi 2021. Timu ndogo ikikatazwa kuiga, na kununua ikatazwe, na kubuni haina fedha, itabaki kuzunguka nyuma ya wenzake tu.

Mchangiaji, Nungwi, Unguja

Wakubwa zangu, nawasalimu. Mimi ni fundi wa vyombo, magari nayaona kwenye simu za vijana wangu siku za Jumapili, lakini mnayoyazungumza nimeyaishi pwani kwetu na ningependa kuyaeleza.

Kwetu sisi ngalawa ikipandishwa mchangani, kila fundi ana ruhusa ya kuizunguka. Atainama, atapima kwa shibiri, atapitisha ugwe kutoka omo hadi tezi, yaani mbele hadi nyuma, na mwenye chombo atamtazama tu, pengine atamwita wanywe kahawa. Kilicho mwiko ni kigezo, ule ubao ambao fundi ameukata kwa umbo la kitu anachokichonga na huuhifadhi darini. Kigezo ni cha nyumba ya mtu.

Mwaka mmoja, siku chache kabla ya resi za ngalawa, fundi mwenzangu, ambaye sitamtaja, alishusha chombo ambacho matengo yake, zile mbao za pembeni zinazokizuia kisipinduke, yalifanana na yangu mno. Hilo halikunishughulisha. Nilikwenda kuyashika kwa mkono. Kigezo changu cha matengo kina mbonyeo mdogo, upana wa kidole, kwa sababu ubao ulipasuka zamani nami nikaupunguza. Kila ninapochonga huusawazisha kwa tezo mwishoni, kwa hiyo kwenye ngalawa yangu haupo. Kwenye yake ulikuwapo, pahala pale pale. Aliyeitazama ngalawa yangu asingeliuona, maana ngalawani haumo, umo kwenye ubao uliokuwa darini kwangu. Mwanagenzi wangu wa zamani alikuwa kazini kwake.

Wazee walikaa wakatusikiliza sote wawili. Hawakumtoza kitu. Walisema chombo kiende resi, matengo yale yabaki nchi kavu. Akachonga mengine kwa siku nne, mabaya kidogo kuliko yangu kwa maoni yangu, akashindana, akamaliza wa tatu, na hakuna aliyemnung'unikia kwa sababu kila mtu alijua amekwenda na mti wake. Naye alikuwa akiyajua matengo yangu vizuri siku ile, kama alivyoyajua jana yake.

Bibi wa Wete, la usalama umesema kweli. Hata kwetu mtu haendi baharini na matengo aliyoyachonga usiku.

Mchangiaji, Mwanakwerekwe, Unguja

Naona mnabishania ukubwa wa fimbo wakati tatizo ni mkono unaoishika. Mwaka 2007 McLaren walikutwa na habari za siri za Ferrari, kurasa 780, zilizojulikana baada ya mfanyakazi wa duka la kutoa nakala huko Surrey, Uingereza, kuingiwa na shaka juu ya alichokuwa akikinakili, akawajulisha Ferrari. Mwezi wa Julai baraza la FIA likasema kosa lipo ila hakuna adhabu. Septemba, baada ya kupatikana barua pepe za ndani ya timu, adhabu ikawa dola milioni 100 na kufutwa pointi zote za timu. Disemba ya mwaka huo huo Renault nao wakapatikana na hatia ya kuwa na habari za siri za McLaren, na wao hawakuadhibiwa kwa lolote. Ndio hao hao Renault waliokuja kuwashtaki Racing Point 2020. Sizungumzii unafiki wao, walikuwa na haki ya kulalamika. Nasema kwamba timu ikitizama nyuma haiwezi kujua kosa lake litahesabiwa kwa mizani ipi, na mchezaji asiyejua bei ya kosa hujaribu bahati yake.

Mtoa hoja, Mkunazini

Mzee wangu wa Nungwi, shikamoo, na ahsante sana. Ule mbonyeo wa upana wa kidole umenifafanulia mifereji ya breki kuliko nilivyoweza mwenyewe.

Dada wa Wete, nakubali kwamba 1978 mwenye mali alilalamika na 2020 hakulalamika, na nilikosea kuzipanga pamoja kana kwamba ni kesi za namna moja. Lakini sikubali kwamba hakukuwa na aliyedhulumiwa. Kanuni ya orodha haikuwekwa kuilinda Mercedes. Iliwekwa kwa ajili ya timu nyengine, ambazo hazina mkubwa wa kuwapa michoro, na ambazo wahandisi wao walikesha wakibuni mifereji yao wenyewe kwa sababu kanuni iliwaambia wafanye hivyo. Ridhaa ya Mercedes haiwezi kuwasamehe watu kwa niaba ya McLaren au Renault. Na mwanafunzi wako, pamoja na heshima zangu, yeye alisoma somo lile mwenyewe, wakati hawa waliletewa majibu yaliyoandikwa.

Kuhusu unyonge, nakuomba uangalie yaliyofuata. FIA walibadilisha kanuni kwa ajili ya 2021, wakakataza kugeuza picha kuwa michoro kwa programu za kompyuta na kupima gari la mwengine kwa mashine, wakaacha kuiga kwa jicho. Timu ile ile, ikiwa sasa inaitwa Aston Martin, ikaja Barcelona mwezi wa Mei 2022 na gari lililofanana sana na Red Bull. FIA wakachunguza namna lilivyobuniwa, wakaridhika kuwa ni kazi yao, na mambo yakaisha. Njia ya mnyonge kumtazama mkubwa haikufungwa.

La usalama limenishinda, nalibadilisha pendekezo langu. Kifaa kisiondolewe siku hiyo hiyo. Timu ipewe mbio tatu za kubuni chengine, na ikiendelea na kile kile baada ya hapo, pointi zisihesabiwe mpaka kibadilishwe. Muda huo uandikwe kwenye kanuni kabla ya msimu, kama anavyotaka ndugu wa Mwanakwerekwe, ili usiwe wa huyu siku tatu na wa yule mwaka.

Mchangiaji, Wete

Mbio tatu katika msimu wa kawaida ni zaidi ya mwezi, na katika msimu kama wa 2020 ni wiki tatu. Andika siku, usiandike mbio, nami nitakuunga mkono kwa siku sitini. Na pointi zitakazozuiwa ziwe za timu peke yake, kama walivyoachiwa madereva pointi zao 2007 na 2020. Pérez hakuchora mfereji.