Nyama ya kasa iliyogawiwa leo: gumzo la kikundi cha ukoo, Pemba

Mwanaidi: Assalamu alaykum wana ukoo nyote. Naomba ushauri wenu kabla sijapakua chakula cha mchana. Jirani yetu mmoja amerudi pwani na kasa mkubwa, na kama ilivyo desturi ya huku kwetu kila nyumba imepata fungu lake. Sisi tumeletewa bakuli zima, limefunikwa kwa kawa, nyama imeshaungwa kwa nazi na mafuta yake ya kijani yanaelea juu ya mchuzi. Nafsi yangu imesita kuwapa watoto, lakini hapa nyumbani wapo wanaoniambia kwamba naogopa bure.

Ami Faki: Wa alaykum salaam, mwanangu. Mimi nimekulia katika kitoweo hicho, na babu zenu wamekila tangu enzi za madau. Wazee walikuwa na utaratibu wao: ini hutupiwa kunguru au hupewa paka kwanza, na mnyama akila akabaki mzima, basi watu nao hula. Kasa aliyevuliwa akiwa hai, anapiga mapezi yake kwa nguvu na macho yake maangavu, sioni sababu ya kumkimbia.

Zuhura: Shikamoo, Ami. Da Mwanaidi, tafadhali liondoe bakuli hilo jikoni sasa hivi, uliweke mahali ambapo watoto hawafiki, na mtu yeyote asionje hata mchuzi mpaka tumalize kuzungumza. Niko zamu hospitalini hapa Chake Chake, nitaandika kila nipatapo nafasi.

Mwalimu Hamad: Ami, kwa heshima zote naomba nikumbushe mambo ambayo wengi wetu tuliyasikia yakitokea. Mwezi wa Novemba 2021 watu saba walifariki hapa hapa Pemba baada ya kula nyama ya kasa, na mmoja wao alikuwa mtoto wa miaka mitatu. Mwezi wa Machi 2024 msiba ukarudi kule Kisiwa Panza: watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki, na watu wengine 78 wakalazwa. Huyo mtu mzima alikuwa mama wa mmoja wa watoto waliotangulia. Nyama ililiwa Jumanne, naye akafariki Ijumaa usiku. Vipimo vya maabara vilithibitisha kwamba wote walikuwa wamekula nyama ya kasa.

Kila nikiifikiria idadi ile moyo wangu unaniuma, kwa sababu sababu yake ni wema wetu wenyewe. Kasa aliyekomaa anaweza kupita kilo 100, hamalizwi na nyumba moja, kwa hiyo hugawiwa kwa jirani, kwa wifi, kwa shemeji na kwa mzee asiye na mvuvi nyumbani kwake. Sumu ikiwamo, inasafiri katika sahani zile zile za ihsani, na katika kila nyumba mtoto ndiye anayewekewa kipande laini.

Ami Faki: Habari ya Panza naijua, Mwalimu, na waliofiwa wengine ni jamaa zetu. Lakini nilisikia watu wakisema kwamba nyama ile ilikuwa imelala, au haikuiva sawasawa. Hii ya leo ni mpya, ya alfajiri.

Zuhura: Ami, hapo ndipo watu wengi wanapopotea, na ndiyo maana nataka nilieleze jambo hili taratibu. Sumu ya kasa si sumu ya kuoza. Kasa huikusanya mwilini mwake kutokana na vyakula anavyokula baharini, na wataalamu wanaamini kwamba chanzo chake ni mwani wa aina fulani wenye sumu pamoja na viumbe wengine anaowala. Yeye mwenyewe hadhuriki nayo, kwa hiyo ataogelea vizuri, atapiga mapezi na macho yake yatang'aa, na nyama yake haitakuwa na harufu wala ladha ya kukushtua. Ukiichemsha kutwa nzima, ukiikaanga, ukiikausha kwa chumvi au ukiigandisha kwenye friza, sumu inabaki vile vile. Haidhuru ni kasa wa kawaida au ng'amba, ambaye ni aina nyingine ya kasa, ingawa ng'amba ndiye anayetajwa zaidi katika matukio haya duniani.

Kuhusu kunguru na paka, naomba uniwie radhi kwa kulikataa neno la wazee. Dalili zinaweza kuanza baada ya saa chache, na zinaweza pia kuchelewa siku kadhaa, hata ikafika wiki. Paka aliyekula ini asubuhi akaonekana mzima adhuhuri hajathibitisha chochote. Vile vile kasa aliyeliwa mwaka jana bila madhara hasemi lolote kuhusu huyu wa leo, kwa kuwa kila mmoja amekula mahali pake na kwa wakati wake. Wazee wetu walikula wakasalimika mara nyingi, hilo silikanushi; ila wapo pia waliokufa kwa homa na tumbo ambazo hakuna aliyejua zimetoka wapi.

Mwalimu Hamad: Na tusisahau kwamba kasa analindwa kisheria, kumvua na kumuuza kumekatazwa. Kuhusu uhalali wa kumla, masheikh wana kauli zao nami siingii huko.

Shangazi Bimkubwa: Zuhura mwanangu, mimi nimezoea kusikia kwamba mtu aliyekula kitu chenye sumu hupewa dafu, au maziwa, au mafuta ya nazi anywe atapike. Je, hayo nayo hayasaidii?

Zuhura: Hayasaidii, Shangazi, na mengine yanaongeza hatari. Sumu hii haina dawa maalumu ya kuivunja, si dafu wala sindano. Hospitali inachofanya ni kuubeba mwili wa mgonjwa usishindwe wakati sumu inapita: atawekewa dripu asiishiwe maji, atapewa oksijeni ikibidi, na atafuatiliwa pumzi na fahamu zake kwa saa nyingi. Kumlazimisha mtu atapike kunaweza kumpalia, hasa akiwa ameshaanza kusinzia, na muda unaopotea katika kutafuta dafu ni muda ambao alipaswa awe njiani.

Dalili za kuangalia ni kichefuchefu na kutapika, maumivu ya tumbo, mdomo na koo kuwaka kama vimeungua, vidonda mdomoni, ulimi kuingia utando mweupe, na kumeza kuwa kazi nzito. Mtoto mdogo hawezi kuyasema haya. Utamwona anakataa kula na mate yanamtoka. Ninalolihofia zaidi ni usingizi. Mtoto aliyekula nyama ya kasa, kisha akawa mzito, anasinzia mchana na haamki vizuri akiitwa, asiachwe alale kwa kudhani kwamba amechoka na michezo.

Rukia: Samahanini wakubwa zangu. Mimi ndiye niliyelipokea bakuli mlangoni, wifi Mwanaidi alikuwa kisimani. Nilionja mchuzi na kipande kimoja, yapata saa nne asubuhi. Sijisikii vibaya, ila midomo inaniwasha kidogo na sijui kama ni pilipili. Mtoto wangu ana miezi minne na nimeshamnyonyesha tangu hapo.

Zuhura: Rukia mdogo wangu, umefanya vizuri sana kusema. Sikiliza: wewe na mtoto mnakwenda hospitali sasa, msisubiri dalili nyingine. Yamewahi kuripotiwa matukio ya watoto wachanga kudhurika kupitia maziwa ya mama aliyekula nyama ya kasa, hata pale ambapo mama mwenyewe hakuugua sana. Kwa hiyo usimnyonyeshe tena mpaka daktari akuruhusu. Najua atalia, mbembeleze tu. Mkifika mtaelekezwa apewe nini badala yake. Ninyi mko karibu na Mkoani, nendeni hospitali ya Abdalla Mzee. Waambieni mapokezi tangu mlangoni kwamba ni nyama ya kasa, ulikula saa ngapi, na mtoto amenyonya mara ngapi baada ya hapo.

Mwanaidi: Kaka ameshalitoa gari. Mimi namsindikiza, watoto wengine nawaacha kwa Shangazi. Nimewauliza mmoja mmoja, wote wanasema hawakuligusa bakuli.

Zuhura: Chukua kipande kidogo cha nyama, kifunge katika mifuko miwili uende nacho wakakione. Kilichobaki kizikwe kwenye shimo refu mbali na kisima. Msiwatupie kuku wala mbwa, na bakuli lioshwe kwa sabuni kabla ya kurudishwa kwa mwenyewe.

Ami Faki: Zuhura, hoja yako nimeipokea. Najua aliyegawa, na yeye ananisikiliza. Nimeshampigia simu, anasema mafungu yamekwenda nyumba sita, na kwa mmoja wameshakula, wakiwamo watoto watatu na bibi yao. Niko njiani kwenda huko na baiskeli, maana simu ya pale haipokewi.

Zuhura: Allah akuwezeshe, Ami. Hapo waliokwisha kula waende wote pamoja, asiachwe mtu kwa sababu anajiona mzima. Nitawajulisha wenzangu wa Mkoani ili wajiandae kuwapokea wengi kwa mpigo.

Mwalimu Hamad: Nimemwomba imamu atangaze kwa kipaza sauti kabla ya swala ya alasiri, bila kumtaja aliyevua, kwa sababu watu wakiona wenzao wanalaumiwa wataficha kwamba walikula. Na mwalimu wa madrasa atawauliza watoto mmoja mmoja.

Shangazi Bimkubwa: Nawaombeni mtangaze na samaki bunju pia, naye ana sumu, maana vijana siku hizi wanajaribu kila kitu.

Zuhura: Ni kweli, Shangazi, ingawa sumu ya bunju ni nyingine: hiyo huanza haraka, midomo na ulimi hufa ganzi, kisha viungo na pumzi hulegea. Nayo haiondoki kwa kupika, na safari yake ni hiyo hiyo ya hospitali.

Mwanaidi: Tumefika, tumepokelewa. Rukia ametapika mara moja garini. Ameshawekewa dripu, na mtoto amepimwa, anapumua vizuri na anaangaza macho. Daktari amesema watalazwa wote wawili wafuatiliwe, hata kama usiku utapita salama.

Ami Faki: Nyumba iliyokula nimefika. Bibi anasema tumbo linamkata na mtoto wa kati amesinzia tangu adhuhuri, nimemwamsha kwa taabu. Naomba gari lirudi hapa mara moja, lipite njia ya mnazini, nitakuwa nimesimama barabarani nimembeba mtoto.

Mwanaidi: Kaka ameshageuza gari, yuko njiani.

Zuhura: Ami, mlaze mtoto kwa ubavu ukimsubiri, usimpe kitu chochote mdomoni, na uendelee kumwita kwa jina lake. Nyumba nyingine nne nitazipigia mimi kutoka hapa; nitumie namba zao.