Tupeane uzoefu: siku ya kwanza kanisani, nani alikupokea?

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Nilihamishwa kikazi, na ndani ya miezi minne nimesali makanisa matatu. La kwanza walitusimamisha wageni, tukapigiwa makofi, tukaandikwa majina. Ibada ilipoisha nikasimama nje kwenye ngazi, Biblia mkononi. Watu wanakumbatiana, wanaulizana hali, wananipita kama nguzo. Hakuna aliyenikosea. Ila nilirudi nyumbani mpweke kuliko nilivyotoka.

La pili sina la kusimulia.

La tatu, mama mmoja alisogeza mkoba wake kwenye benchi akaniambia, "Njoo ukae hapa, mwanangu." Akafungua kitabu chake cha nyimbo katikati yetu, kidole kikifuata mistari ili nisipotee. Jumapili iliyofuata akaniita kwa jina. Sijahama tena.

Tangu siku hiyo Matendo 9 naisoma kwa jicho jingine. Sauli alifika Yerusalemu akitaka kujiunga na wanafunzi, wote wakamwogopa, hawakusadiki kuwa naye ni mwanafunzi. Na walikuwa na haki ya kuogopa, maana alikuwa amewatesa. Barnaba ndiye aliyemchukua akampeleka kwa mitume, akamsemea. Mtu mmoja tu!

Barnaba wako alikuwa nani? Na kama hukumpata, tuambie pia.

Sauti ya Pili
Mimi ilikuwa baada ya talaka. Nilikuwa naingia wimbo wa kwanza ukiwa umeshaanza na kutoka kabla ya baraka, nisije nikaulizwa mume yuko wapi. Dada mmoja aliliona hilo, akahamia benchi la mwisho, akawa anakaa nami. Wiki kadhaa hakuuliza kitu. Siku niliyolia wakati wa maombi alinishika mkono, basi. Ndiye aliyenipeleka kwaya. Jamani, si kila mgeni yuko tayari kuhojiwa siku ya kwanza.

Baba Mapacha
Sisi mmoja wa watoto alilia, vichwa vikageuka, tukaonyeshwa mlango wa kutokea. Mke wangu akasema harudi, nami sikumlazimisha. Ikapita karibu mwaka. Tunaposali sasa, mzee wa kanisa alikuja akamchukua yule anayelia, akawa anatembea naye taratibu kule nyuma, kichwa cha mtoto begani, mpaka mahubiri yakaisha. Mke wangu alisikia neno mwanzo hadi mwisho kwa mara ya kwanza tangu ajifungue.

Mhudumu wa Mlangoni
Nimesoma ushuhuda wenu nikaona na mimi niseme, japo wangu ni wa kutubu. Nilikuwa nawapeleka waliovaa vizuri mbele, wengine nyuma, nikiamini ndio utaratibu. Tukafika Yakobo 2 kwenye kikundi cha nyumbani: mwenye pete ya dhahabu anaambiwa keti hapa mahali pazuri, maskini anaambiwa simama pale. Nilinyamaza kipindi kizima. Kuna kijana nilimkalisha nyuma kabisa Jumapili tatu mfululizo kwa sababu ya viatu vyake. Ya nne hakuja. Jina lake sikuwahi kumuuliza, kwa hiyo hata kumtafuta siwezi. Namwombea hivyo hivyo bila jina.

Sauti ya Pili
Mtumishi, Mungu anamjua. Tunamwombea pamoja nawe.

Msomaji Kimya
Huwa nasoma tu, sichangii. Nina miezi sita sijakanyaga kanisani. Sikugombana na mtu, niliugua, nilipopona nikagundua hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi. Nikaona aibu kurudi. Bado naona aibu.

Mwanzisha mada
Mpendwa, pole sana, na asante kwa kuandika. Nimekutumia ujumbe pembeni. Kama tuko mji mmoja, Jumapili nitawahi, nitakusubiri pale pale kwenye ngazi, tuingie wote.