Nilikosa msiba wa mama yake mwaka 2014, sasa namba yake ninayo. Nianzie wapi?

Mla Bada (mwanzisha uzi)
Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni.

Nina rafiki yangu wa Muheza. Kidato cha tatu na cha nne nililala kwao kuliko kwetu, maana kwetu ni juu huko njia ya Amani na shule ilikuwa karibu na mlango wao. Mama yake alikuwa anauza maandazi. Alfajiri mimi na mwanawe tunabeba ndoo hadi stendi, ndiyo tunakwenda shule kuwahi namba. Akisonga bada, ule ugali wa muhogo, sahani yangu ipo, na nisipokuwepo inafunikwa. Sikuwahi kuulizwa nimeleta nini.

2014 jamaa akanipigia: mama hatunaye, tunazika kesho saa kumi. Nikasema nakuja. Nilikuwa Dar, mwezi wa nne huo tangu nikose kazi, mfukoni sh. 3,000. Badala ya kumwambia hivyo nikazima simu. Nilipoiwasha siku ya tatu nikaona haya kupiga, wiki ikawa mwezi, mwezi ukawa mwaka. Januari 2020 walipoanza kufunga laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole, yangu ikaenda na namba zote. Moyoni nikasema afadhali, sasa nina sababu.

Juzi stendi ya Magufuli nimekutana na kijana wa mtaa ule, kanipa namba. Nikafanya kama namtumia 1,000 ili jina litokee. Likatokea, yote matatu. Nikaghairi. Leo siku ya 11 naiangalia tu.

Nimtumie meseji? Nitangulize rambirambi halafu nipige? Au nimwache na maisha yake?

Kiazi Kitamu
Mkuu, mtu akiibuka baada ya miaka kumi ana kadi ya mchango wa harusi au anauza dawa ya kupunguza tumbo. Ndicho atakachowaza akisikia sauti yako. Sentensi ya kwanza imtoe huko.

Cherehani ya Mguu
Miaka yote hiyo nauli ya Muheza ilikushinda? Ulikuwa hutaki.

Mla Bada
Kuanzia 2016 nauli nilikuwa nayo. Sibishi.

Mama Pacha
Mimi nimekaa upande wa huyo rafiki yako, nisikilize. Nilifiwa na mwanangu, shoga yangu wa kufa na kuzikana hakutokea. Akaja baada ya miaka sita. Kuchelewa nilishakuzoea, kilichonichoma ni kwamba alikaa mkekani akaanza kueleza: mume alikuwa hivi, kazini kulikuwa vile, akalia, ikabidi mimi ndiye nimbembeleze. Kwa msiba wangu mwenyewe! Niliomba aondoke tu.

Mara ya pili alinikuta nachambua mchele. Hakusema kitu, akavuta ungo akachambua. Tulipofika nusu ya gunia nikamuuliza, watoto hawajambo?

Hela usitangulize. Simu ikilia "umepokea" na jina lako lipo hapo, ataona unalipa faini. Tena huko kwao ule ni ubani, hushikishwa mkononi. Wewe piga, taja jina, sema "sikuja kumzika mama, nimekosa", nyamaza. Sababu akiitaka ataiuliza.

Mzigua Mstaafu
Mama Pacha kamaliza, naongeza kidogo. Usimzukie nyumbani bila kupiga. Mimi nilimzukia mwenzangu Korogwe, kumbe anadaiwa, akadhani nimetumwa na wenye deni lao. Alitokea mlango wa nyuma, nikakaa na mkewe saa mbili tunaangaliana. Na siku akikukaribisha, omba akupeleke kaburini kabla hujatia kitu mdomoni.

Kiazi Kitamu
Mzee, saa mbili nzima?

Mzigua Mstaafu
Na nusu. Chai nilipewa lakini.

Mla Bada
MREJESHO. Nimepiga leo saa kumi na moja jioni, kapokea. Nikataja jina langu la shule. Kimya. Nikasema ile sentensi ya Mama Pacha neno kwa neno, nikanyamaza. Nyuma yake nasikia watu wanahesabu machungwa: mia tatu na arobaini, mia tatu na arobaini na moja. Wamefika hamsini na kitu ndipo akasema, "Napakia gari. Nipigie usiku." Akakata.

Sasa sielewi ile ni hasira au ni kazi.

Mama Pacha
Kwani kasema usipige?

Mzigua Mstaafu
Usiku wa Muheza ni baada ya isha. Usije ukapiga magharibi, watu wako msikitini.