MJADALA: Kuhesabu wageni wa tovuti, logi za seva zinatosha au lazima tuwabandikie watu skripti?

Mchapakazi
Wakuu, nimeamua. Wiki hii nimeng'oa skripti ya Google Analytics, kijiprogramu kinachoendeshwa na kivinjari cha msomaji ili kuhesabu wageni, kwenye tovuti ninayoihudumia. Ya nini? Kila ukurasa ukiombwa, Nginx, programu ya seva inayotoa kurasa, inaandika mstari kwenye logi yake, faili la access.log: IP (anwani ya mgeni mtandaoni), saa, ukurasa, jibu, mgeni katokea wapi, anatumia kivinjari gani. Ninayo yote tangu siku ya kwanza, sijafuta hata mstari. Programu ya GoAccess inalisoma faili na kunipa ripoti safi, na namba zenyewe zimepanda mara nne! Kumbandikia msomaji skripti ya kumfuatilia bila kumuuliza ni kumchungulia dirishani. Najua mafundi wa kubofya-bofya cPanel, ile paneli ya kusimamia tovuti bila kuchapa amri, watanuna, lakini semeni.

Mama_Kurasa
"Mafundi wa kubofya-bofya"? Mimi nabofya cPanel mwaka wa 11 huu na tovuti zangu zimesimama. AWStats, ya kuhesabu wageni, imo mlemle, inasoma logi zilezile unazojisifia leo kama umezivumbua wewe. Mgeni akifungua ukurasa hajui kama ulibofya au ulichapa amri kwenye skrini nyeusi.

KichwaNgumu
Mara nne, bwana? Acha ripoti, fungua faili lenyewe kwa macho yako. Nabashiri limejaa mistari ya namna hii:

203.0.113.45 … "GET /wp-login.php" 404

Huyo si msomaji. Ni roboti, programu inayojiendesha, anagonga mlango wa WordPress (programu ya kuendeshea tovuti) ambayo pengine hata hujaisakinisha; 404 ni jibu la "ukurasa haupo". Roboti wengi hawaendeshi JavaScript, lugha ya skripti hizo, ndiyo maana skripti haikuwa inawaona. Wewe umehesabu wageni na vibaka pamoja, ukafurahi harusi imejaa.

Mchapakazi
Matusi ya nini sasa? GoAccess ina chaguo la --ignore-crawlers, la kutohesabu roboti, na nimeliwasha. Na Mama_Kurasa, sikukutaja jina.

Mama_Kurasa
Hukunitaja, ulinichora.

KichwaNgumu
Hiyo inawatoa wanaojitambulisha tu. Mwongo anaandika kwamba yeye ni Chrome na unampa kiti. Hata anayejiita Googlebot, roboti wa Google, usimwamini kwa mdomo: chukua IP yake, iulize DNS, daftari la majina ya mtandao, jina lake, kisha uliza jina hilo linarudi IP gani. Likiishia googlebot.com na kurudi palepale, ndiye. Wengi wataanguka hapo.

Mpita_Njia
Mimi mwezi mzima tovuti yangu ilikuwa na mgeni mmoja tu, anasoma kila kitu, halali, hali. Nikaanza kumpenda. Kumbe seva ilikuwa nyuma ya proksi, seva ya kati inayopokea maombi kwanza, na logi inaandika IP ya proksi; X-Forwarded-For, inayobeba IP ya mgeni mwenyewe, sijaigusa. Endeleeni.

Wakili_Msomaji
Mmekimbilia hesabu, swali lilikuwa kuchungulia. Kilichonikera ni hiyo "tangu siku ya kwanza, sijafuta hata mstari", tena imesemwa kwa fahari! Mahakama ya Ulaya ilishaamua mwaka 2016, kesi ya Breyer, kwamba hata IP inayobadilika-badilika inaweza kuwa taarifa binafsi, ikiwa mwenye tovuti ana njia ya kisheria ya kumfikia mhusika kupitia mtoa huduma wa intaneti. GDPR, sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, nayo ikaanza kutumika Mei 2018. Ndugu Mchapakazi, hujaacha kuchungulia. Umehama dirisha.

Mchapakazi
Kwanza mimi siko Ulaya. Pili, nitazisaga IP zote kwa SHA-256, hesabu inayozigeuza kuwa msimbo usiorudishika, abaki nani wa kumtambua?

Wakili_Msomaji
Wasomaji wako wakiwa Ulaya je?

KichwaNgumu
IP za toleo la nne (IPv4) zote ni kama bilioni 4.3. Hiyo kwa kompyuta si namba ya kutisha: nazisaga zote, nalinganisha na zako, nimempata mtu wako. Kama kweli una huruma nao, futa fungu la mwisho la IP kabla hujaihifadhi. Matomo, programu nyingine ya kuhesabu wageni, ina mpangilio huo.

Nahodha_Mstaafu
Samahanini vijana, nimesoma kwa makini ila neno moja linanikwaruza. "Logi" ndiyo nini? Kiswahili kina neno lake: BATLI. Kitabu cha nahodha cha kuandikia safari, saa kwa saa, upepo na mwelekeo. Ndicho hasa seva inachofanya. "Log" ya Kiingereza ni gogo; kwa nini tuokote gogo la watu?

Mpita_Njia
Mzee, nikimwambia mteja "batli yako imejaa" atauliza jahazi lake limetia nanga wapi.

Wakili_Msomaji
Kwa nini si "kumbukumbu"? Hilo kila mtu analijua.

KichwaNgumu
Kwa sababu kila mtu analijua kwa maana tofauti. "Seva imeishiwa kumbukumbu": ni RAM, ya kompyuta kufanyia kazi, au ni faili la logi? Usiku wa manane sitaki fumbo. Halafu mzee, hilo "gogo" usilicheke. Hao Waingereza wenyewe walilitoa baharini: walikuwa wanatupa kipande cha ubao kilichofungwa kamba ili kupima mwendo wa meli, wanaandika kitabuni, kitabu kikachukua jina la ubao. Logi yao na batli yako ni ndugu wa chombo kimoja.

Nahodha_Mstaafu
Basi umenisaidia hoja. Kama wao walitumia cha baharini, sisi wenye mashua zetu tuna haya gani?

Mama_Kurasa
Mzee wangu shikamoo, lakini neno likishashika limeshika. Waandishi wa HTTP, kanuni za mawasiliano ya wavuti, walikosea tahajia ya "Referer" (mgeni katokea wapi), wakaacha r moja, tangu RFC, waraka wa kanuni hizo, wa 1996. Mpaka leo dunia nzima inaandika kosa lilelile, kwenye logi ya huyu bwana limo. Nani wa kulitoa?

Nahodha_Mstaafu
Marahaba mwanangu. Kosa la mwenzio si ruhusa ya kwako.

Mchapakazi
Jamani batli baadaye. Seva imesimama, diski 100%. Nimekuta access.log ina GB 38, nimeifuta, amri ya df, ya kupima nafasi ya diski, bado inasema 100%. Haingii akilini!!

KichwaNgumu
GB 38 za wageni wapendwa.

Mama_Kurasa
Umelifuta jina tu. Nginx bado imelishikilia faili, na mpaka iliachie nafasi hairudi. Endesha lsof +L1, inayoonyesha mafaili yaliyofutwa lakini bado yameshikiliwa, utaliona limeandikwa deleted. Kisha nginx -s reopen, iliachie na kufungua jipya. Halafu niambie kwa nini logrotate, ya kuzungusha logi na kufuta za zamani, haikufanya kazi yake.

Mchapakazi
…Nilihamisha logi kwenye folda yangu. Logrotate inaangalia ile ya zamani.

Mama_Kurasa
Basi ielekeze kwenye folda mpya. Izungushe kila siku, ibakize 14, nyingine zife. Wakili atapumua na diski itapumua. Hizo amri nimekuchapia, sijabofya.

Mchapakazi
Diski imeshuka hadi 41%. Asante, dada. Ila msimamo wangu wa skripti haujabadilika.

Wakili_Msomaji
Na IP?

KichwaNgumu
Na roboti?

Mpita_Njia
Mzee Nahodha, batli iko ngeli gani? Batli *imejaa* au *limejaa*?

Nahodha_Mstaafu
Imejaa. Batli hii, batli hizi. Karibu chomboni.